Matumbawe yasiyotegemea mwanga: anza na hesabu ya chakula
Uko Nakuru au Kisumu na unapanga tangi la maji ya chumvi la matumbawe kama Tubastraea, yale ya rangi ya machungwa? Pesa ya taa kali iweke kwenye mashine ya kutoa povu (protein skimmer), inayoondoa uchafu majini. Matumbawe haya hayana mwani mwilini wa kuyatengenezea chakula. Usipoyalisha, nyama inanywea hadi kiunzi kinaonekana. Usiku punguza pampu, ngoja minyiri itokeze, kisha kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) dondoshea kila kinywa uduvi mdogo uliogandishwa, ukishayeyuka. Kazi hii ndiyo inayowashinda wengi, si bei. Mabaki yanaoza na kupandisha naitreti na fosfeti, kwa hiyo tenga chumvi ya kubadilishia maji mara kwa mara.

Maji ya Ziwa Nakuru usiyajaribu: ule ni ukali wa magadi, si wa bahari. Tumia maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando) na chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita, na usiweke tumbawe kabla amonia haijashuka hadi sifuri. Stima nayo hupotea; nunua mapema pampu ya hewa ya betri.