Mizizi ya Maji na Mizizi ya Udongo: Kuhamisha Miche Bila Kuipoteza

Fungu la nanaa linalouzwa sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, hapa Unguja, ni kiungo cha chai, na papo hapo ni mbegu. Ndivyo lilivyo tawi la mrehani linalobaki baada ya kufungwa vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, na rando la viazi vitamu lililokatwa pamoja na matembele ya mchuzi. Ukiyatia ndani ya maji, kwa joto letu la visiwani mizizi huchomoza baada ya siku chache tu. Ndiyo maana nyumba nyingi Unguja na Pemba hazikosi gilasi yenye kijiti cha kijani karibu na dirisha. Lakini miche inayofika kwenye udongo na kushika ni michache. Malalamiko huwa yale yale: ndani ya maji ulikuwa unapendeza, kuutia tu kwenye udongo, siku ya tatu umekauka.

Mara nyingi mche huo haukuuliwa na udongo mbaya. Umecheleweshwa ndani ya maji, kisha ukahamishwa ghafla.

Mzizi uliochipua ndani ya maji ni mweupe, laini, unakatika upesi, na una vinyweleo vichache sana. Vinyweleo ndivyo vinavyoingia baina ya chembe za udongo na kufyonza maji yaliyonata kwenye chembe hizo kwa utando mwembamba. Ndani ya gilasi maji yamezunguka pande zote, kwa hivyo mmea hauna sababu ya kuvitengeneza. Ukishauingiza kwenye udongo, majani yanaendelea kutoa unyevu hewani kama jana, lakini mizizi haiwezi kuufidia. Mmea unalazimika kuotesha mizizi mipya inayofaa udongo, na mpaka iote, unaishi kwa unyevu tuliouwekea sisi. Kadiri mizizi ya maji inavyokuwa mirefu, ndivyo inavyosokotana na kukatika mkononi, na kila palipokatika panaingia uozo.

Kwa hivyo usisubiri gilasi ijae mizizi ndipo uridhike. Mizizi ikifika sentimita 2 hadi 4, yaani upana wa vidole viwili, hamisha. Nanaa na mrehani kwa kawaida hufika hapo baada ya wiki moja hadi mbili. Rando la kiazi kitamu hufika mapema zaidi, hata chini ya wiki. Asmini ni mvivu, huchukua wiki nyingi na mara nyingi huoza kabla, kwa hivyo mimi naipendelea kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Turudi nyuma kidogo kwenye kukata, maana kipandikizi kibovu hakiponyeki kwa maji mazuri. Kata asubuhi mapema, shina likiwa limejaa maji, kutoka mmea wenye afya usio na maua. Tawi likiwa na maua, yabandue, kwani nguvu ya mmea inakwenda huko. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha kwa nanaa na mrehani. Kata kwa kisu kikali au wembe safi, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa sababu mizizi hupenda kutoka hapo. Mkasi butu unabana shina na kulichubua. Ondoa majani yote yatakayozama majini, ubakishe manne au sita ya juu. Jani lililozama linaoza, na uozo wake ndio unaoyafanya maji yanuke.

Kwa marando ya viazi, angalia zaidi afya ya shina. Majani yaliyodumaa, yenye mabaka ya njano au yaliyojikunja ni dalili za virusi vinavyoenezwa na nzi weupe na vidukari, na kila kipande utakachokata hapo kitakwenda na ugonjwa wake shambani. Chukua ncha za rando, sentimita 20 hadi 30. Sehemu kongwe karibu na shina ndiko fukusi wa viazi anakopenda kutaga. Na hapa niseme wazi: viazi vya kulima konde zima havihitaji gilasi. Marando yanawekwa kivulini siku moja au mbili yakiwa yamefunikwa gunia bichi, halafu yanafukiwa, thuluthi mbili za urefu chini ya udongo uliolowa. Maji ni kwa yule mwenye marando machache ya aina anayoipenda, anayetaka kuyahifadhi na kuyazidisha.

Maji yenyewe yana habari yake. Ya mvua ndiyo bora. Ya mfereji huwa yametiwa dawa ya klorini, basi yalaze usiku mmoja ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa chepesi kabla ya kuyatumia. Maji ya visima vya ukanda wa pwani, hasa upande wa mashariki ambako mwamba wa matumbawe unapitisha maji ya bahari, yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi ulimini, kipandikizi hakitayapenda. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na mzizi unahitaji hewa ili uvute pumzi. Gilasi iliyowekwa juani saa sita za mchana hapa kwetu ni njia ya haraka ya kuozesha shina. Iweke penye mwanga bila jua kali, kwenye kibaraza au chini ya mwembe. Chupa ya plastiki izungushie gazeti au kitambaa, maana mwanga ukipenya maji yanaota ukoga wa kijani.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Hilo linarudisha hewa, na kuna sababu nyingine kubwa kuliko nanaa. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga ndani ya vyombo vya maji safi vilivyomo majumbani, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka huchukua siku saba hadi kumi hivi. Mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo, kwa hivyo usimwage tu na kujaza tena. Sugua ndani kwa kitambaa. Mwenye gilasi kumi dirishani asiyebadilisha maji anawafugia mbu watoto wake na wa jirani.

Sasa udongo wa kuhamishia. Kwa viriba vidogo, yaani vifuko vya kuoteshea miche, changanya udongo wa juu wa kinongo (ule mwekundu), samadi iliyooza kabisa mpaka hainuki, na kitu cha kulegeza kama mchanga au makumbi ya nazi yaliyopondwa, kiasi sawa kwa sawa. Udongo wa kinamo peke yake unashika maji mno na kuziba hewa. Mambo mawili yanawaponza watu wetu wa pwani hapa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamelowa chumvi hiyo hiyo. Tafuta mchanga wa nchi kavu, mbali na ufuko, na makumbi makavu ambayo hayajaguswa na bahari, uyaloweke kwanza maji baridi yasiyo na chumvi.

Hamisha jioni, jua likishapoa, ili mche upate usiku mzima wa kutulia. Mwagia kiriba kwanza mpaka udongo uwe karibu na tope, kisha toboa shimo kwa kijiti, pana kuliko mizizi. Usiusukume mche uingie kwa nguvu. Ushike kwa jani au kwa shina la juu, uuning'inize ndani ya shimo mizizi ikiwa imeachana, halafu mimina maji taratibu pembeni ili udongo laini uteremke wenyewe na kuizunguka. Ndipo ubonyeze kidogo kwa ncha za vidole. Kifundo kimoja chenye uhai kikizama chini ya udongo ni faida, kwani hapo ndipo mizizi mipya itakapotokea. Wapo wanaoongeza udongo kijiko kimoja kimoja ndani ya gilasi kwa siku kadhaa mpaka maji yageuke tope. Inafaa, lakini udongo ule hukosa hewa na kuchacha ukichelewa, na mche uliohamishwa mapema hauuhitaji.

Siku tatu au nne za mwanzo udongo usikauke hata kidogo. Baada ya hapo acha uso wa juu ukauke kabla ya kumwagia tena, na kila siku chache ongeza muda baina ya mwagilio na mwagilio, mpaka wiki mbili zitimie. Unyevu unaopungua polepole ndio unaouhimiza mmea uteremshe mizizi kuutafuta. Wanaoendelea kumwagia asubuhi na jioni wiki tatu mfululizo wanaugeuza udongo kuwa gilasi nyingine, na wanaoacha kumwagia siku ya pili wanaukausha. Muda wote huo mche ukae chini ya kivuli cha makuti, au ufunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ikifunguliwa kizibo ili joto lisijikusanye. Mbolea ya chumvichumvi isiguse kiriba wiki mbili hizo, kwani mizizi michanga inaungua.

Majani kulegea saa saba mchana si jambo la kukutia hofu ikiwa alfajiri unayakuta yamesimama. Yakiwa yamelegea alfajiri, na udongo umelowa, shina la chini limeoza. Ling'oe, na usipande tena ndani ya udongo ule ule. Usiuvute mche kila siku kuangalia kama umeshika. Baada ya wiki mbili utikise kidogo kwa vidole viwili: ukikataa kutoka, na kuna jani jipya kileleni, umeshika.

Si kila mmea ni wa gilasi. Mkarafuu hauoti kwa tawi lililotiwa majini. Huoteshwa kwa mbegu mbichi ya mpeta, yaani tunda la mkarafuu lililoiva, nayo haisubiri muda mrefu baada ya kuanguka. Pilipili manga inashika vizuri zaidi ikikatwa vipande vyenye vifundo vitatu hadi vitano na kutiwa moja kwa moja ndani ya viriba vyenye kivuli. Vanila inataka kinyume kabisa cha maji: rando lake hutundikwa kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, kisha hulazwa kwenye majani yaliyooza, maana likizikwa bichi linaoza. Muhogo hauna haja ya kuhangaishwa, kipingili chake kinajua kazi yake kikishafukiwa.

Mche uliozoea kivuli usipelekwe konde kwa mkupuo. Upe jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu kila siku, kwa siku chache, uongeze kidogo kidogo. Wanaotaka kupanda nje kwa vuli waanze kuotesha mwezi wa Septemba, ili mvua za Oktoba na Novemba ziwakute na miche iliyokwishashika kwenye viriba. Miche ya Januari na Februari ibaki ndani ya viriba, kwani jua la kaskazi halina huruma na mzizi mchanga. Itatoka mvua za mwanzo za masika zikisharowesha udongo shibiri nzima kwenda chini. Chimba kwa jembe uhakikishe, usipande kwa manyunyu ya siku moja.