SOMO: Mpira wa mazoezi kwa tumbo na mgongo, someni hapa kabla hamjanifuata inbox

Habari za jioni wakuu. Naandika mara moja nipumzike, maana kila wiki watu wanne watano wananiuliza kilekile, "dada ule mpira namba ngapi", "dada unaukaliaje", nikimaliza kumjibu mmoja anakuja wifi yake na swali hilohilo. Kuanzia leo ukinifuata inbox nakutumia linki ya hapa basi.

Mi sio daktari wala kocha. Ni mtu wa kushinda kwenye kiti ofisini Mtumba, watoto wawili, mgongo ulifika mahali kunyanyua ndoo ya maji nusu ni mtihani. Nafanya haya sebuleni kwangu Ilazo mwaka wa tatu sasa, na mengi nilifundishwa na mtu wa viungo aliyekuwa ananitibu.

Na niseme mapema ili wa kukimbia wakimbie: MPIRA HAUTOI KITAMBI. Mafuta ya mwili hayapungui sehemu moja unayoitaka wewe. Mpira unakaza misuli iliyo chini ya hayo mafuta, ya mbele, ya ubavuni, ile ya ndani inayozunguka kiuno kama mkanda, na ile midogo inayoshikilia uti wa mgongo. Tumbo litakaza, utasimama wima, suruali itakaa vizuri, ila chipsi mayai za kila usiku mtajuana wenyewe.

1. Kipimo. Namba ya mpira ni upana wake kwa sm. Urefu wako chini ya sm 152 chukua mpira wa 45, 152 mpaka 170 chukua wa 55, 170 mpaka 185 wa 65, zaidi ya hapo wa 75. Ukiukalia mapaja yalale sawa na sakafu.

2. Kununua. Tafuta ulioandikwa anti-burst, huo ukitoboka unapungua upepo taratibu badala ya kupasuka. Usinunue ule mwembamba unaonuka plastiki kali hata kama muuzaji anakuita mama.

3. Kujaza upepo. Hapa ndo pameniumiza kwahiyo tulieni. Mpira wangu wa kwanza ulikuja na kile kipampu cha mkono, nikapampu dakika kumi nikachoka, nikaubeba mpaka kwa fundi pancha mwenye kompresa. Akaujaza siku hiyohiyo mpaka ukigonga unalia kama ngoma, mimi nimefurahi kweli. Nikauacha barazani, mwezi wa kumi, mnajua jua la Dodoma la mwezi wa kumi lilivyo, nikaenda kupika. Narudi saa tisa nikaukalia kwa mbwembwe mbele ya watoto. Ulilia pwaaa jirani akatoka nje, nikatua kwenye sakafu na kifandugu. Wiki tatu daladala ya Mtumba nakalia tako moja, na ofisini nilisema nimeteleza bafuni.

Makosa yalikuwa matatu kwa mpigo. Mpira mpya unajazwa kama asilimia 80 tu, unauacha siku nzima plastiki ijitanue, ndo unaumalizia kesho yake. Kompresa ya gari haijui kusimama, tumia pampu ya mkono au ya mguu. Na upepo ukipata joto unatanuka huku plastiki nayo inalegea, kwahiyo mpira haukai juani, haukai ndani ya gari, haukai karibu na jiko la mkaa.

Kujua umefika kipimo: usukumie ukutani, upande wa pili weka boksi liuguse, toa mpira kisha pima toka ukutani mpaka kwenye boksi. Usizungushe tepu ya fundi cherehani, ile ina sm 150 na mpira wa 55 mzunguko wake ni kama 173, utaunga unga mpaka ukosee. Ukikandamiza na kiganja ubonyee kidogo. Usiwe jiwe!

4. Sehemu. Peku, au raba. Soksi juu ya tailizi ni kuitafuta ajali. Jamvi linateleza nalo, weka mkeka wa mazoezi. Fagia kwanza, nitaeleza kwanini huko chini maana najua mtauliza.

5. Mazoezi yenyewe. Siku tatu kwa wiki, ruka siku moja katikati.

Kukaa: kaa wima dakika mbili, ukizoea nyanyua mguu mmoja kidogo, badilisha.

Kranchi: mpira chini ya mgongo wa chini, miguu imepanuka, nyanyua mabega tu huku unatoa pumzi. 10 mara 2. Usivute shingo na mikono.

Daraja: lala chali sakafuni, visigino juu ya mpira, nyanyua makalio mpaka mwili unyooke, hesabu tano, shuka.

Mende chali: lala kama mende aliyepinduka, bana mpira kati ya mkono wa kulia na goti la kushoto, mkono na mguu uliobaki nyoosha taratibu bila kugusa chini. Mgongo usiachie sakafu. Ukiachia umeshakosea, punguza.

Planki: viwiko juu ya mpira, mwili umenyooka kama ubao, ANZA NA MAGOTI CHINI. Sekunde 10, pumzika, rudia mara sita. Hizi za kung'ang'ania dakika mbili huku kiuno kimeng'inia kama kamba ya nguo hazina faida.

Kusonga ugali: hii mwezi wa pili, sio leo. Ukiwa kwenye planki unazungusha viwiko duara dogo kama unasonga ugali wa uwele, ule mzito. Tano kulia, tano kushoto. Mwili mwingine wote utulie, ni mpira tu unaozunguka.

Ukisikia maumivu ya kuchoma yanashuka mguuni, acha, nenda hospitali.

Maswali hapa chini.

---

BabaJunior_Nkuhungu: Asante kwa somo dada. Mimi nina mita 1 na 74 ninunue namba ngapi?

MamaK: Hatua ya kwanza.

BabaJunior_Nkuhungu: Nimesoma ila nilitaka uhakika

MamaK: 65 kaka. Uhakika ndo huo.

Kidoti88: wiki mbili kitambi kitakuwa kimeisha? nina send off tarehe 20

MamaK: Nimeandika kwa herufi kubwa mdogo wangu. Kwa tarehe 20 muone fundi nguo.

Mwl. Chemchemi: Mama K hongera, umenichekesha na kifandugu pole sana. Naomba kuuliza kitu, nimejaribu planki kwenye mpira wa mwanangu, siku ulipokuwa umelegea niliweza, tulipoujaza vizuri nikaanza kutetemeka kama nina malaria. Ni mpira au ni mimi?

MamaK: Mwalimu hili ndo swali! Ni mpira. Ukiwa umelegea unajilaza, sehemu kubwa inagusa sakafu kwahiyo unatulia. Ukijaa unagusa padogo tu, kila ukipumua unataka kukimbia na misuli inahangaika kuurudisha. Ndo maana mtu anayeanza namwambia apunguze upepo kidogo na aegemeze mpira ukutani, akizoea anautoa ukutani, kisha anaongeza upepo wa pampu mbili tatu. Kuna njia nyingine ya kupandisha ugumu, sogeza miguu karibu karibu. Huko kutetemeka ni kawaida mradi kiuno hakizami, kikizama pumzika.

Mwl. Chemchemi: Nimeelewa vizuri sana. Na kwanini wengine wanauita mpira wa Uswisi, ndo wanatengeneza huko?

MamaK: Hapana, ulitengenezwa Italia mwaka 1963, na mtu wa viwanda vya plastiki anaitwa Aquilino Cosani. Uswisi ndo wataalamu wa viungo waliuchukua, Mary Quinton akautumia kwa watoto wachanga wenye shida ya viungo, halafu Susanne Klein-Vogelbach kule Basel akaupeleka kwa watu wazima wenye matatizo ya mgongo. Wamarekani waliouona huko wakarudi nao kwa jina la Uswisi. Kwahiyo kabla ya kuwa kitu cha jimu ulikuwa kitu cha tiba, na mi naona ungebaki na heshima hiyohiyo.

Neema_Kisasa: Da MamaK mi nimejifungua kwa operesheni mwezi wa tatu huu, naweza kuanza?

MamaK: Hongera mama. Rudi kwanza kliniki wakuangalie kidonda na tumbo, waambie kabisa unataka kufanya mazoezi. Wakikuruhusu anza na kukaa na kupumua tu, kranchi na planki ziache. Lala chali nyanyua kichwa kidogo, ukiona katikati ya tumbo panatokeza kama kichuguu misuli bado imeachana, waoneshe na hiyo. Mi ya kwanza nilijifanya jasiri nikaongeza miezi ya kuumwa. Njoo inbox wewe nakuruhusu.

BabaJunior_Nkuhungu: Kumbe inbox inaruhusiwa

MamaK: Ukijifungua njoo.

Dulla Ipagala: Mi kila nikifanya hiyo daraja nyama za nyuma ya paja zinakaza nataka kulia

MamaK: Hizo ndo zinazofanya kazi, za kwako zimelala kwa sababu ya kukaa. Usiweke visigino, sogeza mpira mpaka uwe chini ya magoti, inakuwa nyepesi. Kila wiki unausogeza mbele kidogo.

Mtumishi_Hewa: Naweza kuukalia ofisini badala ya kiti? Nimeona wazungu wanafanya

MamaK: Dakika 20 sawa. Siku nzima unachoka unaanza kujikunja vibaya kuliko kwenye kiti. Halafu bosi wako akiingia ghafla unaruka unaenda wapi.

Pancha Express: Umesema tufagie ukasema utaeleza, hujaeleza.

MamaK: Kweli nimesahau. Mbigili! Watoto wanatoka nje na ndala, chini imeganda miiba, wanaileta mpaka sebuleni. Kamwiba kadogo lakini mpira wangu wa pili ulianza kunywea, nikalaumu kizibo wiki nzima. Nikaupaka maji ya sabuni, povu likatoka ubavuni. Sasa ndala zinabaki nje ya mlango, wageni nao, hata mama mkwe.

Pancha Express: Hahaa mbigili ndo inalisha wanangu. Mi ni fundi baiskeli hapa Chang'ombe, mpira kama huo si unaziba na solusheni na kiraka tu?

MamaK: Fundi hapana. Tyubu ya baiskeli ni raba, huu ni plastiki, ile solusheni haiushiki, kiraka kinabanduka. Kuna gundi za plastiki laini kama zile za maboya ya kuogelea, hizo zinashika. Ila hata ukishika mi simpi mtu mzima aukalie tena, naugawa kwa watoto wacheze.

Pancha Express: Aisee. Jana nimemzibia dada mmoja kwa solusheni, kaniachia elfu tatu kaenda nao.

MamaK: Mpira wa rangi gani?

Pancha Express: Zambarau

Neema_Kisasa: Fundi ni mimi huyo.