Kumchoma mtoto sindano kulingana na hatua yake ya ukuaji

Nadharia za Erik Erikson na Jean Piaget, wanasaikolojia walioeleza hatua za ukuaji wa mtoto, hukaririwa darasani, kisha husahauliwa wodini. Inasikitisha, kwa sababu mtoto anapotakiwa kuchomwa sindano ndizo zinazokuonyesha useme nini, useme lini na umshike vipi.

Kwanza jua yuko hatua gani hasa. Umri wa kwenye faili hautoshi. Kwa aliyezaliwa njiti, hadi afikishe miaka 2, toa wiki alizopungukiwa kufikia 40. Aliyezaliwa wiki ya 32 na sasa ana miezi 6, mtazame kama wa miezi 4 hivi.

Mwaka wa kwanza mtoto anajifunza kuamini. Abaki mikononi mwa mama. Akinyonya wakati wa sindano, maumivu hupungua. Kuanzia miezi 6 hadi 8 huogopa wageni, hivyo zungumza na mama kwanza, ndipo umguse.

Wa miaka 1 hadi 3 anataka kujiamulia. Usimuulize "Nikuchome?" Atakataa, nawe utamchoma hata hivyo, na imani itavunjika. Muulize swali ambalo jibu lake utalifuata: "Mkono huu au ule?" Mwambie dakika chache tu kabla. Akae mapajani kwa mzazi, kifua kwa kifua. Kumlaza chali na kumkandamiza huongeza hofu.

Kati ya miaka 3 na 6 ndipo makosa mengi hutokea. Piaget alieleza kwamba mtoto wa umri huu hajaweza kufikiri kwa mantiki. Hupokea maneno kama yalivyo. Ukisema "nachukua damu yako", anaweza kudhani unaimaliza yote. Sema: "Nahitaji damu kidogo, mwili utatengeneza nyingine." Plasta mbandike hata pasipotoka damu, maana huogopa kuwa tundu litaendelea kuvuja. Wengi pia huamini wanaumwa kwa sababu walikosea, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba hakuna kosa lililomletea ugonjwa, na mkataze mzazi kumtisha kwa sindano. Mpe bomba lisilo na sindano amchome mwanasesere kwanza.

Wa shule ya msingi mweleze mapema, hata siku moja kabla, kwa mchoro, kisha mpe kazi: ashike pamba, ahesabu. Kijana mvutie pazia, na umwelekee yeye kabla ya mzazi.

Kwa wa miezi 2 hadi miaka 7, pima maumivu kwa kipimo cha FLACC: uso, miguu, kujinyonganyonga, kilio na kubembelezeka, kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10.

Mtoto aliyeacha nepi akianza kukojoa kitandani wodini, mara nyingi ni msongo umemrudisha hatua ya nyuma. Usimkaripie. Ila akiwa na homa au akilia anapokojoa, mpime mkojo kabla ya kuisingizia hofu.