Kusafisha oili kula ya gari la zamani

Gari likipandisha joto la oili kwenye foleni ya feri ya Likoni ilhali rejeta haina kasoro, itazame oili kula, yaani kifaa cha kupoza oili ya injini (hapa chini tutakiita kula tu). Hapa Mombasa huziba pande mbili: nje kwa vumbi lililoshikana na unyevu wa chumvi, ndani kwa oili iliyoganda kwa kuchelewa kubadilishwa. Wengi huosha nje wakaishia hapo, na ndani ndiko kwenye kazi. Tunazungumzia kula ya kupozwa kwa upepo, inayokaa mbele ya rejeta.

Injini iwe vuguvugu, si moto. Weka karai chini, utie alama paipu ya kuingiza na ya kutoa. Nati zifunguliwe kwa spana mbili: moja ishike shingo ya kula, nyingine izungushe. Kwa spana moja shingo ya alumini hujipinda ikapasuka.

Nje, paka sabuni ya maji kwa brashi laini, ngoja robo saa, kisha suuza kwa maji ya bomba kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hulaza fini, yaani vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, na kostiki soda hula alumini. Ukigusa fini zikakatika na kuacha unga mweupe, chumvi imeshaimaliza, tafuta nyingine.

Ndani, ziba tundu moja, jaza mafuta ya taa, ziba la pili, uiache usiku kucha mbali na moto. Petroli usiitumie kabisa, mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Asubuhi tikisa, umwage kwenye chombo cheupe. Rudia, ukipitisha kinyume na mkondo wa oili, mpaka yatoke yalivyoingia.

Kitazame chombo hicho juani. Tope jeusi si neno. Ukiona chembe zinazometa, hizo ni za beringi, na kula hiyo itupwe hata kama ni ghali. Chembe hujificha kwenye vijia vyembamba, hakuna muosho wa kuzitoa zote, na zikichomoka huua beringi mpya.

Iliyo safi ikaushe kwa upepo mdogo wa kompresa. Kisha ziba tundu moja, tia upepo kidogo, uizamishe ndooni: povu likitoka, inavuja. Suuza kwa oili mpya kidogo, kwani mafuta ya taa yanayobaki huifanya oili iwe nyepesi kupita kiasi.

Rudisha kwa oringi au wosha mpya za kuziba maungio, oili mpya na filta mpya. Kwa injini ya petroli, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, upige stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Baada ya dakika 5 zima, subiri oili ishuke, pima kwa kijiti uongeze, maana kula imemeza yake. Kula yenye themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto, haipitishi oili sawasawa mpaka ipate moto, kwa hiyo endesha kidogo, kagua maungio na upime tena. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mvua ikinyesha itaishia baharini.