Kwenda Mafia kwa kupitia Nyamisati: uliza maji kwanza, nauli baadae

Kama unataka kwenda Mafia na hela ya ndege huna au hutaki tu, njia ipo, gari kutoka Dar mpaka Nyamisati halafu bahari mpaka Kilindoni. Nimepita huko mara kadhaa na naipenda sana hii safari, ila ratiba yake ni maji kujaa na kupwa, na watu wengi wanaharibikiwa hapohapo.

Kabla hujafunga begi angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo kuna bamvua, maji yanajaa sana halafu yanakupwa sana, katikati hapo ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki kivile. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo boti iliyoondoka juzi saa mbili asubuhi leo inaweza ikakaribia saa nne, ndo maana usimsikilize mtu aliyesafiri wiki iliyopita. Mi niliambiwa saa tatu, nikatoka Mbagala jua limeshatoka, foleni ikanishika, nafika Nyamisati nakuta mkondo umebaki tope, mikoko mizizi yote nje, boti imeshaenda zamani. Nililala palepale kwenye mkeka wa mama ntilie mmoja, Mungu ambariki.

Magari yanapakia Mbagala Rangi Tatu. Mnashika barabara ya Kilwa, mnapita Mkuranga, mkifika Bungu mnaiacha barabara kuu mnakata kushoto. Toka alfajiri, na kama ni masika ongeza masaa.

Ukifika, kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachobeba hadi magari, kama siku hiyo kipo panda hicho. Kama hakipo ni boti za watu binafsi, na hapa naomba unisikilize vizuri, dai laifu jaketi kabla boti haijang'oa nanga na uivae, usiikalie. Ukiona abiria na mizigo vimezidi mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka, hata kama umeshalipa, hata kama wote wanakuangalia.

Mwanzo mnapita kwenye mikono ya delta ya Rufiji, maji ya kahawia, kimya, baharia anasimama mbele na upondo anachoma chini anamtajia nahodha kina, upondo ukigota kwenye mchanga mapema unaona nahodha anapunguza mashine na kila mtu anaacha kuongea. Mkitoka mdomoni rangi ya maji inabadilika na ndo mawimbi yanaanza. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, likivuma, hasa mwezi wa 6 mpaka wa 8, utalowa, kwa hiyo simu na nguo funga kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili, kaa nyuma karibu na katikati, kula kidogo, na tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia. Ukiweza subiri demani, kusi likishapoa, au kaskazi iliyotulia, yaani upepo wa kutoka kaskazini, tena kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 2 ndo msimu wa papa potwe (whale shark) pale mbele ya Kilindoni.

Kilindoni utapata bodaboda au bajaji ya kwenda Utende, kama kilomita 15. Utende uko ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, kuna kiingilio getini, beba kitambulisho ulipe bei ya Mtanzania. Cash toa mapema maana visiwa vya jirani, Chole na Juani, hakuna benki. Chole ni mashua fupi tu, kuna magofu na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, ila ukitaka magofu ya mji wa kale wa Kua kule Juani nenda maji yakiwa yamejaa, la sivyo utatembea kwenye tope.

Kurudi acha siku moja ya ziada, usipange kazi wala ndege siku ileile unayovuka. Na namba ya nahodha ichukue siku unayoshuka, umpigie jioni ya kabla ya safari umuulize kesho maji saa ngapi.