Kupunguza mazoezi kabla ya shindano: mwogeleaji wa mita 50 anayeshuka Dar kutoka Mbeya

Mara ya kwanza kupeleka vijana kwenye shindano Dar es Salaam niliwapumzisha wiki nzima, hakuna kugusa maji. Nilidhani nawatunzia nguvu. Binti aliyekuwa mwepesi kuliko wote alitoka kupasha misuli moto, akaniambia, "Mwalimu, maji yananiponyoka mkononi." Ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo napunguza umbali tu, kasi siigusi.

Hatua ya 1. Anza wiki 2 kabla. Chukua jumla ya mita za wiki ya kawaida, tuseme 20,000. Wiki ya kwanza shusha hadi 13,000, ya pili 8,000. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha punguzo la asilimia 41 hadi 60 kwa wiki 2 ndilo linalofaa zaidi. Siku za kuingia majini zibaki karibu zilezile. Fupisha kila zoezi.

Hatua ya 2. Kasi. Hapa ndipo makocha wengi tunapokosea. Mpe mita 15 kutoka kwenye kibao cha kuanzia, mara 6, kwa nguvu zote, apumzike dakika 3 kila baada ya moja. Siku nyingine mpe mita 25 mara 3, mapumziko dakika 5. Nguvu ya sekunde chache za mwanzo hutoka kwenye akiba iliyo ndani ya misuli, na akiba hiyo huchukua dakika kadhaa kujaa tena. Ukimharakisha, unamfundisha kuogelea taratibu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni hafifu na pumzi hurudi polepole, kwa hiyo mimi huongeza dakika moja. Mwezi wa sita na wa saba asisubiri ndani ya maji: atoke, ajifute, avae sweta na soksi. Pima kila mbio. Muda ukianza kupanda, funga zoezi hata kama zimebaki mbili.

Hatua ya 3. Vyuma vizito viishe siku 10 kabla.

Hatua ya 4. Katikati ya wiki ya pili atalalamika mwili mzito. Hutokea sana. Usimwongezee mita.

Hatua ya 5. Safari ni zaidi ya kilomita 800. Mkipanda basi, fikeni siku 2 kabla. Kila kituo ashuke, anyooshe miguu, anywe maji, maana joto la Dar si la kwetu. Kesho yake aogelee mita 600 taratibu, kisha aruke mara 3. Kama amezoea bwawa la mita 25 na la shindano ni la 50, hakuna ukuta wa kugeukia katikati: ahesabu mipigo ya mikono hadi mwisho, aikariri.

Jioni hiyo atajisikia mwepesi, ataomba aruke tena mara moja tu. Mkatalie, mpe taulo.