Mfundishe mtoto kuomba kabla ya kumpa

Mzazi wa Tabora mwenye mtoto aliyechelewa kusema, awe na usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano) au la, anaweza kuutumia vizuri msimu wa maembe: badala ya kumkabidhi mtoto embe zima, likate vipande vidogo, shika kimoja mbele ya macho yake, kisha nyamaza na umsubiri kwa sekunde tano hivi. Akinyoosha kidole, akikutazama au akitoa hata sauti ya “e” tu, mpe papo hapo huku ukitamka wazi, “Embe!” Kuwahi huko ndiko kiini cha jambo, kwa sababu mtoto huunganisha kitendo chake na matokeo yanayokifuata mara moja; ukigeuka kwanza kumjibu jirani, huenda ukawa umekituza kilio kilichoingia katikati. Asipofanya lolote, mshike mkono kwa upole, msaidie kunyoosha kidole, mpe, kisha upunguze msaada huo kidogo kidogo siku zinavyokwenda.

Fimbo na kumnyima mpaka alie havina nafasi hapa. Utafiti maarufu wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas kuhusu watoto wenye usonji, uliochapishwa Marekani mwaka 1987, ulihusisha saa 40 za mafunzo kwa wiki pamoja na adhabu, ambayo leo haipendekezwi tena. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 hujengwa juu ya michezo na shughuli za kawaida za nyumbani, na naamini njia hiyo inazifaa zaidi familia zetu. Sambamba na hayo, mpeleke mtoto hospitalini apimwe uwezo wa kusikia.